Pombe Ikipanda Kichwani Hupimwaje?

Mjini Mbale na katika vijiji vya Teso, mashariki mwa Uganda, wanywaji wa malwa hukaa duara kukizunguka chungu kimoja. Ndani ya chungu umo ulezi uliochachuka. Kinywaji kikipungua, maji ya moto humiminwa tena juu yake, na kila mtu huvuta kwa mrija wake mrefu, wenye kichujio kidogo kilichosukwa mwishoni ili makapi yasipande. Soga huendelea saa baada ya saa. Anayeondoka mapema huaga wenzake akisema yuko sawa kabisa, hajalewa, kisha anawasha pikipiki yake.

Huko Heidelberg, Ujerumani, watu 15, wanaume 8 na wanawake 7, nao walikunywa pombe kwa mrija mrefu wa takribani sentimita 90. Wao hawakuwa kwenye duara. Kila mmoja alikuwa amelala chali ndani ya mashine ya MRI, kichwa kikiwa kimetulizwa kisitikisike, na mrija ulikuwapo kwa sababu hakuna njia nyingine ya kumnywesha mtu aliyelala ndani ya sumaku. Walipewa kiasi kinacholingana na glasi tatu hivi za bia. Timu iliyoongozwa na daktari Armin Biller ilitaka kujua jambo moja ambalo kwa miaka mingi lilikisiwa tu: pombe huchukua muda gani kutoka mdomoni hadi ndani ya ubongo wa mtu aliye hai?

Jibu, lililochapishwa mwaka 2009, lilikuwa dakika 6.

Dakika 6 hazitoshi kumaliza hadithi moja kwenye chungu cha malwa. Kwa hiyo anayesema “niko sawa” anaeleza anavyojisikia, na hilo ni jambo tofauti na kiasi cha pombe kilichomo kichwani mwake. Kujisikia hakupimiki kwa namba. Pombe hupimika, na kwa zaidi ya miaka 30 sasa wanasayansi wameweza kuipima palepale inapofanyia kazi yake, bila kupasua fuvu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa mashariki mwa Uganda. Chukua Mafubira, iliyoingia katika Jiji la Jinja mwaka 2020. Ng'ambo ya Mto Nile, kule Njeru, kipo kiwanda cha Nile Breweries. Upande wa mashariki yametanda mashamba ya miwa ya Kakira. Kati ya hapo kuna baa za bia ya chupa, vilabu vya malwa, na waragi ya kienyeji inayokenekwa kwa molasi, ndizi au muhogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2016 kila Mganda mwenye umri wa miaka 15 au zaidi alikunywa kwa wastani lita 9.5 za ethanoli tupu, kiwango kilichoiweka Uganda miongoni mwa nchi za juu barani Afrika. Mwaka 2019 serikali ilipiga marufuku pombe kali ya vipakiti, ile iliyouzwa kwa bei ya shilingi chache na kutiwa mfukoni hata na watoto wa shule.

Bia ya chupa huandikwa asilimia yake ya pombe. Waragi ya mtungini haina lebo. Pishi moja linaweza kuwa kali kuliko la jana, na malwa hubadilika kila maji yanapoongezwa. Ndiyo maana ile hesabu inayofundishwa katika nchi nyingine, ya kuhesabu glasi ili ujue umefikia wapi, huku haimsaidii mtu. Kinachobaki ni kupima mwili wenyewe.

Kipimo kinachojulikana zaidi ni kile cha barabarani. Katika operesheni ambazo Waganda wanaziita Kawunyemu, trafiki husimamisha magari na pikipiki usiku na kumtaka dereva apulize. Wakenya wanacho cha kwao, alkoblo, kilichoanza kutumika kwa nguvu mwishoni mwa 2013. Kwa miaka mingi kikomo cha Uganda, kama cha Tanzania, kimekuwa miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu.

Lakini anayepuliza hatoi damu. Anatoa pumzi, na hapo ndipo sayansi inapoingia.

Ethanoli, yaani pombe yenyewe, ni molekuli ndogo inayopenda maji. Ikishaingia kwenye damu husambaa kila penye maji mwilini. Damu inapopita kwenye mapafu, sehemu ndogo ya ethanoli hugeuka mvuke na kuingia katika hewa inayotoka. Uwiano unaotumika sana ni 2,100 kwa 1: mililita 2,100 za pumzi ya ndani kabisa ya mapafu huwa na pombe sawa na mililita moja ya damu. Katika miaka ya 1930 Rolla Harger wa Indiana, Marekani, alitengeneza mashine ya mwanzo ya kupima pumzi za madereva. Mwaka 1954 Robert Borkenstein, aliyekuwa polisi katika jimbo hilohilo, akaunda kifaa kidogo zaidi kilichoweza kubebwa na kutumika barabarani.

Vifaa vya mkononi vya leo vina chumba kidogo chenye vibao vilivyopakwa platini. Ethanoli ikigusa platini huunguzwa kikemikali na kutoa mkondo mdogo wa umeme. Pombe ikiwa nyingi, umeme huongezeka, na namba kwenye kioo hupanda. Ndiyo maana afande humwambia dereva apulize mfululizo hadi kifaa kilie: hewa ya mwanzo hutoka mdomoni na kooni, na inayohitajika ni ile ya mwisho kutoka chini ya mapafu. Kwa sababu hiyohiyo, aliyetoka kumeza funda dakika chache zilizopita hutakiwa kusubiri, kwa kawaida dakika 15, ili pombe iliyobaki mdomoni isidanganye kipimo.

Pumzi basi inawakilisha damu, na damu inachukuliwa kuwakilisha ubongo. Je, uwakilishi huo ni wa kweli? Swali hilo halikuweza kujibiwa kwa binadamu aliye hai kwa muda mrefu. Wanasayansi walipima ubongo wa maiti, au wa wanyama wa maabara. Pombe hupenya kwa urahisi kile kizuizi kinachochuja vitu kati ya damu na ubongo, hilo lilijulikana. Kilichokosekana ni namba.

Mwaka 1990 makundi mawili ya Marekani, moja la Chuo Kikuu cha Yale na jingine la Hospitali ya McLean huko Massachusetts, yalichapisha vipimo vya pombe ndani ya ubongo wa watu walio hai. Walitumia mbinu inayoitwa spektroskopia, ambayo hufanywa ndani ya mashine ileile ya MRI ambayo hospitali hutumia kupiga picha.

MRI ni sumaku yenye nguvu sana. Viini vya haidrojeni vilivyomo mwilini, vikiwa ndani ya sumaku hiyo, huitikia mawimbi ya redio ya masafa fulani, na mwitikio huo ndio unaogeuzwa kuwa picha. Lakini masafa hayo hayafanani kabisa kwa kila kiini. Hubadilika kidogo kutegemea molekuli iliyokibeba kiini hicho. Katika mashine ya nguvu ya tesla 3, haidrojeni ya maji huitika kwenye masafa ya karibu hezi milioni 128, na kundi la haidrojeni tatu lililo mwishoni mwa molekuli ya ethanoli huitika pembeni yake, kwa tofauti ya hezi 450 hivi. Ni kama stesheni mbili za redio zilizokaribiana: redio nzuri huzitenganisha ukasikia kila moja, na redio mbovu hukuletea sauti mbili kwa mpigo.

Ugumu wa kazi uko katika ukubwa wa sauti hizo. Ubongo ni maji kwa zaidi ya robo tatu. Mtu akiwa kwenye kikomo cha miligramu 80, ishara ya maji ubongoni mwake huizidi ile ya ethanoli zaidi ya mara elfu moja. Kwa hiyo mafundi huizima kwanza ishara ya maji kwa mapigo maalumu ya redio. Kisha huchagua kipande cha ubongo chenye sentimita chache za ujazo, mara nyingi upande wa kisogo, na kukaa mbali na ngozi ya kichwa, kwa sababu mafuta ya ngozi huitika karibu sana na mahali pa ethanoli na yanaweza kuifunika. Mapigo hurudiwa kwa dakika kadhaa na majibu yote hujumlishwa.

Kinachotokea kwenye skrini ni mstari wenye vilima. Kimojawapo ni cha kemikali iliyo ndani ya seli za neva, N-asetili aspateti, ambacho huwapo kwa kila mtu. Mtu akiwa hajanywa, mahali pa ethanoli pamelala. Akinywa, dakika chache baadaye kilima kipya huanza kuinuka hapo, na kwenye kiwango cha kikomo cha barabarani wingi wa ethanoli hukaribiana na wa ile kemikali ya neva. Fundi aliyekaa nje ya chumba huiona pombe ikipanda kichwani kabla mnywaji mwenyewe hajasema lolote.

Vipimo vya mwanzo vilizua fumbo. Ishara ya ubongoni ilikuwa ndogo kuliko damu ilivyotabiri, hata ikaonekana kana kwamba sehemu ya pombe imejificha. Maelezo yaliyopatikana ni kwamba baadhi ya ethanoli hukaa karibu na utando wa seli, na ishara yake hufifia upesi kabla mashine haijaidaka. Watafiti walipojifunza kurekebisha hesabu kwa ajili ya kufifia huko, namba za ubongo zilisogea karibu na za damu. Katika miaka ya 1990 palizuka pia wazo kwamba kwa walevi wa siku nyingi utando huo hubadilika, na pombe huonekana kwa sehemu kubwa zaidi kuliko kwa mnywaji wa mara mojamoja.

Mbinu ya pili huangalia kazi ya ubongo. Katika vipimo vya PET, mtu hudungwa kiasi kidogo cha sukari yenye alama ya mionzi, na kamera huonyesha ni sehemu gani za ubongo zinazoitumia. Nora Volkow na wenzake nchini Marekani waligundua mwaka 2006 kwamba hata dozi ndogo ya pombe, robo gramu kwa kila kilo ya uzito, hupunguza matumizi ya sukari katika ubongo mzima. Kwa dozi hiyo washiriki walifanya mitihani ya akili vizuri kama kawaida. Mwaka 2013 kundi hilo likaonyesha kwamba wakati wa ulevi ubongo hugeukia chanzo kingine cha nishati, asetati, ambayo ini huitengeneza kutokana na pombe yenyewe.

Matokeo hayo yanamgusa moja kwa moja yule anayejisifu kwamba pombe haimwezi. Mtu aliyezoea anaweza kusimama wima, kuongea vizuri na kutembea bila kuyumba huku damu yake ikiwa imevuka kikomo. Mwingereza Edward Mellanby alikwisha onyesha mwaka 1919 kwamba kwa kiwango kilekile cha pombe, ulevi huonekana zaidi pombe inapokuwa inapanda kuliko inapokuwa inashuka. Yaani saa moja au mbili baada ya kunywa mtu hujiona amerudia hali yake, ilhali pombe bado imo kwa kiasi kilekile kilichomfanya acheke hovyo mwanzoni. Hapo ndipo wengi hushika usukani.

Vipimo vya ubongo vimesaidia pia kukipa kipimo cha pumzi heshima yake. Damu inayochotwa kwenye mshipa wa mkono huwa imeshapita kwenye misuli, nayo huchelewa kuonyesha pombe mara tu baada ya kunywa. Ubongo hupokea damu ya ateri inayotoka moja kwa moja moyoni na mapafuni, damu ileile inayotoa mvuke wake kwenye pumzi. Kwa hiyo katika nusu saa ya kwanza kifaa cha Kawunyemu kinaweza kuwa karibu zaidi na hali ya ubongo kuliko sindano ya mkononi. Dereva anayelalamika kwamba anapulizishwa tu wakati pombe iko kichwani anapaswa kulijua hilo.

Uganda yenyewe imechangia katika sayansi ya kupima pombe. Mjini Mbarara, timu ya watafiti wa Uganda na Marekani akiwamo Judith Hahn wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu PEth, kemikali inayotengenezwa kwenye utando wa seli za damu pale tu ethanoli inapokuwapo. Pumzi hukwisha habari baada ya saa chache, lakini PEth hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Washiriki walikuwa watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ambao wengi huona haya kumwambia mhudumu wa kliniki kwamba wanakunywa. Kipimo kama hicho humsaidia daktari kumtibu mgonjwa alivyo, na huko mashariki, ambako watafiti wa Uganda na wa Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway wamechunguza unywaji wa pombe hata kwa watoto wadogo wa Mbale, haja yake ni kubwa.

Na mashine za sumaku? Hapa hadithi inarudi Mbale, kwenye hospitali ya watoto ya CURE, iliyopata jina duniani kwa upasuaji wa watoto wenye vichwa vikubwa vinavyojaa maji. Ben Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliendeleza hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000 njia ya kuwatibu wengi wao bila kuwawekea bomba la kudumu. Watoto hao wanahitaji picha za ubongo mara kwa mara, na CT scan hutumia mionzi isiyofaa kurudiwarudiwa kwa mtoto. Haja hiyo ikawasukuma wahandisi wa Leiden na Delft nchini Uholanzi, wa Penn State nchini Marekani na wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kubuni MRI ya bei nafuu.

Mwaka 2022 vipande vya mashine hiyo vilisafirishwa kwa ndege kutoka Uholanzi hadi Mbarara. Wakufunzi 4 na watu 6 ambao hawakuwa wamewahi kufanya kazi hiyo waliipanga kwa mikono, wakichambua sumaku ndogondogo moja baada ya nyingine, wakazijaza katika pete 23 na kurekebisha nafasi kati ya pete na pete. Tangu mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku 11 hivi. Johnes Obungoloch, mhandisi wa Mbarara, ni miongoni mwa walioongoza kazi hiyo. Mashine haihitaji heliamu ya kupozea, nayo imewekwa juu ya toroli.

Mashine hiyo haiwezi kupima pombe ubongoni, na sababu ni zile stesheni mbili. Nguvu yake ni tesla 0.05 tu. Kwa nguvu hiyo tofauti kati ya maji na ethanoli husinyaa kutoka hezi 450 hadi 7 au 8, na sumaku iliyopangwa kwa mkono haina utulivu wa kutosha kuzitenganisha. Inafaa kuonyesha maji yaliyojaa kichwani mwa mtoto, na hiyo ndiyo kazi iliyoundiwa. Spektroskopia inataka sumaku ya tesla 1.5 au 3, na mtaalamu aliyefundishwa kuitumia.

Hata hivyo waliojifunza kupanga pete 23 sasa wanaijua fizikia inayohusika, nao wanaishi Uganda. Sehemu kubwa ya vipimo vya pombe ubongoni imefanywa kwa watu wa Marekani na Ulaya waliopewa dozi moja iliyopimwa na kuinywa haraka. Hivyo sivyo malwa inavyonyweka. Malwa ni pombe hafifu, ya moto, inayovutwa polepole kutwa nzima. Je, kilima cha ethanoli hupanda vipi katika ubongo wa mnywaji huyo, na hushuka lini? Swali hilo linafaa kuulizwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Makerere, Mbarara na Busitema, kwa sababu maisha yanayolitegemea ni ya watu wao.

Wakati jibu hilo likisubiriwa, kuna hesabu moja ambayo mwendesha boda boda wa Mafubira anaweza kuitumia leo. Mswidi Erik Widmark aliifanyia kazi karibu karne moja iliyopita, na bado inatumika mahakamani: mwili huondoa miligramu 15 hivi kwa kila saa katika kila mililita 100 za damu, kwa wengine 10, kwa wengine 20. Kahawa haiongezi kasi hiyo, wala maji baridi, wala supu. Aliyeacha kunywa saa sita usiku akiwa na miligramu 150 bado anazo 60 saa kumi na mbili asubuhi, anapompakia mtoto wa kwanza kwenda shule.